Vipimo vya Mjamzito na Hiari Yake: Kutoka Nyambureti hadi Bugando

Vipimo anavyofanyiwa mjamzito ni vya namna mbili, ingawa mara nyingi tone la damu ni lile lile. Kipimo cha kuchuja hufanyiwa kila mama, hata asiye na dalili yoyote, ili kuwapata wachache wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu. Kipimo cha kuthibitisha hufanyiwa yule aliyebaki kwenye chujio. Cha kwanza hukisia, cha pili huamua. Mama asiyeambiwa tofauti hii anaweza kukesha wiki nzima kwa sababu ya jibu ambalo maabara yenyewe bado haijaliamini, au akatulizwa na jibu lisilostahili kumtuliza.

Kuchagua kwa kuelewa ni zaidi ya kuitikia au kukataa. Maana yake ni kwamba kabla kidole hakijatobolewa, mwenye kidole anajua kinatafutwa nini, majibu yanaweza kuwa yapi, kila jibu litafuatwa na hatua gani, na akisema hapana itakuwaje. Katika nchi tajiri mjadala huu umetawaliwa na vipimo vya kasoro za mtoto aliye tumboni. Katika kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti, na katika vijiji vingine vya wilaya hiyo na vya Tarime, mambo huanzia kwingine kabisa: kaswende, malaria, upungufu wa damu, VVU na presha. Katika nchi tajiri mama hujiuliza apime au asipime. Huku swali la kwanza ni lini, na la pili ni kama vitendanishi vipo.

Uamuzi wa kwanza ni wa siku ya kuanza kliniki, na wengi huufanya bila kujua kwamba ni uamuzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 unaotaka mjamzito aonane na mtoa huduma mara 8, si mara 4 kama ilivyokuwa awali. Mara ya kwanza iwe kabla wiki ya 12 haijapita, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha hali halisi ya Tanzania wakati huo: asilimia 98 ya wajawazito walifika kliniki angalau mara moja, asilimia 51 walifikisha mara 4, na asilimia 24 tu walianza ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Karibu wote walifika, lakini watatu kati ya wanne walichelewa.

Sababu za kuchelewa haziishii kwenye uzembe, kama inavyosemwa kwenye mabango. Katika jamii nyingi za Tanzania mimba changa haitangazwi. Husubiriwa ijionyeshe yenyewe, kwa kuogopa husuda na kwa kuogopa aibu ya kuharibika. Aliyekwisha kuzaa watoto wanne hajioni mgeni wa jambo hili. Mvua zikinyesha, njia za vijijini huwa tope na nauli ya bodaboda hupanda, na msimu huohuo ndio wa kupalilia. Lakini kuchelewa kuna gharama ambayo haionekani kwenye kadi. Presha ya mama kwa kawaida hushuka kidogo katikati ya mimba. Aliyekuwa na presha ya juu tangu zamani, akifika mwezi wa tano, anaweza kupimwa akaonekana mzima. Dozi ndogo ya aspirini inayowakinga kifafa cha mimba wale walio katika hatari kubwa hufaa zaidi ikianza karibu na wiki ya 12. Altrasaundi ya kukadiria umri wa mimba huwa sahihi mimba ikiwa changa, kisha hupoteza usahihi kadiri mtoto anavyokua. Kila wiki inayopita hufunga mlango mmoja wa kuchagua, na mwenye mlango hajui kama ulikuwapo.

Siku ya kwanza mama hufunguliwa kadi ya kliniki, ile inayojulikana kwa watumishi kama kadi namba 4. Hupimwa uzito, urefu na presha. Damu huangaliwa wingi wake, kundi lake, malaria, kaswende na VVU, na pale penye vitendanishi, homa ya ini aina ya B. Mkojo huchovywa kijiti kutafuta protini na sukari. Mkunga hupapasa tumbo kupima kimo cha mji wa mimba na, mimba ikikua, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Yote haya huweza kumalizika kwa muda mfupi kuliko ule ambao mama ametembea kufika hapo, tena katika chumba ambacho wenzake wanasubiri mlangoni. Ushauri nasaha, ambao kwenye karatasi hutangulia kipimo, mara nyingi huwa ni somo la pamoja la asubuhi kwenye benchi: muuguzi mmoja, akina mama thelathini, na sentensi inayosema kwamba leo mtapimwa vipimo vyote. Somo la benchi lina faida yake, kwani huwafikia wengi. Ila si ridhaa. Mtu hawezi kukubali au kukataa "vyote".

Thamani ya kipimo hutokana na hatua inayokifuata. Kaswende ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, na ushahidi wake umetoka Kanda ya Ziwa yenyewe. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowafuatilia wajawazito wa Mwanza. Kati ya wanawake waliokuwa na kaswende kali bila kutibiwa, asilimia 25 walizaa mtoto mfu, na asilimia 33 walizaa mtoto hai kabla ya wakati. Watafiti walikadiria kwamba takriban nusu ya watoto waliozaliwa wafu katika kundi zima walilochunguza walitokana na ugonjwa huo. Sehemu ya pili ya kazi hiyo ilionyesha upande mwingine: mama aliyegunduliwa akachomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, hakuwa na matokeo mabaya kuliko mama asiye na kaswende. Sindano moja tu, na ya dawa ya zamani isiyo ghali.

Kipimo cha namna hii hakihitaji kubembeleza sana. Ni rahisi, hakiumizi, majibu hutoka wakati mama angali hapo, na dawa ipo au inapaswa kuwapo. Ni sawa mhudumu akimshauri mama waziwazi akipime, kwa sababu kueleza kwa uaminifu si lazima kuwe kueleza bila msimamo. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mama anatakiwa kulijua mapema: mwenzake naye asipotibiwa, kaswende inaweza kurudi, na sindano ya mama ikawa imekwenda bure. Kwa hiyo kukubali kipimo hiki ni pia kukubali kwamba nyumbani kutakuwa na mazungumzo.

Ikiwa thamani ya kipimo ni hatua inayokifuata, basi kipimo kisicho na hatua kinastahili kuulizwa maswali. Kijiti cha sukari kwenye mkojo kinaingia hapa. Mjamzito mzima wa afya anaweza kutoa sukari kwenye mkojo bila kuwa na kisukari, na mwenye kisukari cha mimba anaweza kutoa mkojo msafi. Kipimo kinachoaminika ni kile cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kupimwa damu kwa saa kadhaa, kati ya wiki ya 24 na 28. Mama mwenye ndugu wa karibu wenye kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa kupita kawaida, ana sababu ya kuulizia kipimo hicho katika hospitali ya wilaya hata kama kijiti cha zahanati kimesema hakuna neno.

Malaria nayo ina ujanja wake. Kipimo cha haraka kinachotumika zahanati hakitafuti kimelea chenyewe bali protini kinayoitoa, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mama aliyetibiwa majuzi anaweza kuonekana ana malaria ilhali amepona. Kwa upande mwingine, katika mimba vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi Kisumu, Kenya, ng'ambo ya mpaka na si mbali sana na Tarime, walionyesha kwamba vimelea vya mjamzito hujishika kwenye kemikali maalumu ya kondo, na ndiyo maana hata mwanamke aliyejijengea kinga ya malaria tangu utotoni huwa kama mgeni wa ugonjwa huo katika mimba ya kwanza. Vikijificha hapo, damu ya kidole inaweza kutoka safi. Kwa sababu hiyo hakuna anayetegemea kipimo peke yake: mama hupewa SP, dawa ya kukinga malaria, mara kwa mara kuanzia miezi mitatu ya kati, akiwa na malaria au bila, na chandarua. Jibu la "hauna malaria" halimwondolei haja ya vyote viwili.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia kuelewa majibu ya vipimo vya kuchuja, nayo haihitaji zaidi ya darasa la saba. Chukua wajawazito 1,000, na tuseme 20 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinachokosea mara 1 kwa kila watu 100 wazima kinasikika kuwa kizuri sana. Kitawapata wale 20, lakini katika wazima 980 kitawataja kimakosa kama 10. Kwa hiyo kati ya wanawake 30 walioambiwa "unao", 10 hawana kitu. Si kosa la maabara wala la mpimaji. Ndivyo kuchuja kunavyokuwa ugonjwa ukiwa adimu. Ndiyo maana mtu haambiwi ana VVU kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri majibu matatu mfululizo yanayokubaliana kabla ya kumwambia mtu kwamba ameambukizwa, kwa kuwa kadiri maambukizi yanavyopungua katika jamii ndivyo majibu ya uongo yanavyochukua nafasi kubwa zaidi miongoni mwa majibu yote ya "unao". Mama anayeombwa damu mara ya pili na ya tatu hana sababu ya kudhani anafichwa jambo.

VVU ndipo mahali ambapo hiari na faida ya kipimo hugongana hadharani. Bila hatua yoyote, kati ya asilimia 15 na 45 ya watoto wa mama wenye VVU huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa za kufubaza, kiwango hushuka chini ya asilimia 5. Tangu mwaka 2013 Tanzania imekuwa ikiwaanzishia dawa wajawazito wote wanaogundulika, na kuwaendelezea maisha yao yote bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Jibu la kuwa na VVU hubadilisha hata mambo mengine ya kliniki: mama anayetumia vidonge vya kotrimoksazoli hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema mjamzito, na mwanaume aliyempa mimba au mumewe, wapewe ushauri nasaha na kupimwa kwa hiari. Kulazimisha mtu kupima ni kosa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, kama vile amri ya mahakama. Mwaka 2019 sheria hiyo ilirekebishwa, ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe na ikashusha umri wa kuridhia kipimo bila mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, jambo lenye uzito katika mikoa ambako wasichana hubeba mimba wangali wadogo. Sheria hiyo ina kifungu kingine ambacho ni nadra kusikika kwenye benchi la kliniki: aliyepima na kujua ana VVU anatakiwa kumjulisha mwenzi wake mara moja. Mama anayehofia kupigwa au kufukuzwa anastahili kulijua hilo kabla ya kipimo, ili apange na mhudumu namna salama ya kusema, pengine kwa wote wawili kupima na kupokea majibu pamoja. Kumficha kifungu hiki ili asikatae kipimo ni kumhadaa, hata kama nia ni njema.

Kanuni ya kuja na mwenza imezaa matatizo yake. Ilianza kama mwaliko: wanaume washirikishwe, wapimwe, wasaidie. Katika zahanati nyingi za Tanzania mwaliko uligeuka sharti, na mama asiyekuja na mwanaume akaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtendaji ikieleza mume yuko wapi. Mume amekwenda kuchimba dhahabu Nyamongo, au kuvua Ziwa Viktoria, au hakuwahi kukubali mimba. Barua hiyo haimo katika orodha ya mahitaji ya kitabibu. Kazi yake halisi ni kumchelewesha mama wiki mbili tatu, na wakati mwingine kumfanya amkodi mtu barabarani ajifanye mume, jambo ambalo mkunga yeyote mwenye miaka kazini atalisimulia kwa kicheko kisicho na furaha.

Katika nchi ya Wakurya na baadhi ya jirani zao sharti hilo hugonga mwamba mgumu zaidi, yaani nyumba ntobhu. Mwanamke, kwa kawaida aliyezeeka bila mtoto wa kiume, hulipa mahari ya ng'ombe na kuoa msichana. Msichana huzaa na mwanaume ambaye hana haki juu ya watoto, na watoto huwa wa nyumba ya mwanamke aliyeoa. Siku ya kliniki, mwenza ni nani? Kwa sheria ya damu na maambukizi ni yule mwanaume, ambaye huenda anakuja usiku na hataki kutajwa. Kwa mila ni yule mama mwenye nyumba, ambaye kaswende yake haimhusu mtoto lakini neno lake ndilo linaloamua kama nauli ya kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, itatoka. Kitabu cha kliniki hakina kisanduku kwa ajili yake. Mhudumu mwenye busara huwaita wote wawili kwa mambo tofauti: mwanaume kwa kipimo, mama mwenye nyumba kwa maelezo ya kwa nini binti anatakiwa kurudi. Majibu yenyewe hubaki ya binti.

Hilo linahusu pia nyumba za kawaida. Mama mkwe, mume na wifi wana nafasi katika safari ya mimba, na ni upofu kuandika habari za hiari kana kwamba mjamzito wa kijijini huamua peke yake kama mtu aliyefungiwa chumbani. Wao ndio wanaoshika hela ya nauli, wanaobaki na watoto, wanaochota maji siku ya kliniki. Kushauriana nao ni sehemu ya kuamua. Mpaka uko mahali pamoja: shauri la ukoo linaweza kuhusu safari na fedha, ila ruhusa ya kuchukua damu na kusikia majibu ni ya mwenye mwili.

Presha hupimwa kila hudhurio, na hapa ndipo uchovu huingia. Mama aliyepimwa mara tatu akawa mzima huona ya nne haina maana. Kifafa cha mimba hakijali mara hizo tatu, kwa kuwa huanza baada ya wiki ya 20 na mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa baada ya mama kupumzika na kubaki hapo, ni sababu ya kuangalia protini kwenye mkojo na kumfuatilia kwa karibu. 160 kwa 110 ni dharura. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza na maumivu ya chembe ya moyo hayasubiri tarehe ya kliniki. Magnesiamu salfeti, ambayo jaribio kubwa la kimataifa la mwaka 2002 lilionyesha inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata degedege la mimba, inaweza kuanzwa zahanati kabla ya safari ya rufaa.

Upungufu wa damu hauhitaji maneno mengi. Utafiti ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito wa Tanzania wana damu chini ya gramu 11 kwa desilita. Chini ya 7 ni hatari, na mama hapaswi kujifungulia zahanati. Mama aulize namba yenyewe, asiridhike na "damu ipo". Akiwa na namba ataona kama vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, vimeipandisha.

Kundi la damu hupimwa mara moja, na wengi hulichukulia kama kitu cha kujazwa kwenye kadi tu. Wenye damu hasi ni wachache Afrika Mashariki, ila kwa yule mmoja matokeo yana uzito. Mtoto wake akiwa na damu chanya, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga itakayoshambulia watoto wanaofuata, na sindano ya kuzuia hilo hutakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Sindano hiyo ni ghali na haikai kwenye kabati la zahanati. Kujua mapema kunampa mama miezi ya kutafuta fedha na kupanga kujifungulia mahali inapopatikana.

Altrasaundi inapendwa kuliko vipimo vyote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Mwongozo wa 2016 unataka moja kabla ya wiki ya 24: kukadiria umri wa mimba, kuona kama ni pacha, kuona kondo limekaa wapi na kama kuna kasoro kubwa. Wengi hupigwa mwezi wa nane, kwa hela zao, wakitafuta jinsia. Katika jamii ambayo ng'ombe wa mahari huingia kwa binti na jina la nyumba hubaki kwa mwana, picha hiyo hubeba mengi kuliko madhumuni ya mashine. Mama ana haki ya kuambiwa jinsia na ana haki ya kutoambiwa, na anayejua nyumbani kwake kutakuwaje akisikia ni msichana wa tano anaweza kumwomba mpimaji anyamaze. Ni vema pia kujua mashine haiokoi mtu yenyewe. Jaribio lililofanyika katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Kongo, na kuchapishwa mwaka 2018, lilipeleka altrasaundi katika vituo vya vijijini; mahudhurio hayakuongezeka wala vifo havikupungua ikilinganishwa na maeneo ambayo hayakupewa. Pacha walionekana, kondo lililotangulia lilionekana. Kilichofuata, yaani gari, damu na daktari wa upasuaji, kilibaki vilevile.

Vipimo vya kasoro za vinasaba ndivyo vyenye hiari ya kweli, kwa sababu hakuna jibu lililo sahihi kwa kila mtu. Uwezekano wa mtoto mwenye hali ya Down hupanda na umri wa mama, hadi takriban 1 kati ya 100 akiwa na miaka 40. Vipimo vya kuichuja kwa damu na altrasaundi ya wiki ya 11 hadi 14 ni vya miji mikubwa na hospitali za kulipia. Aidha sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba kwa sababu ya kasoro ya mtoto. Kanuni ya Adhabu inamkinga tu anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo anayepima hapa anapimia kujiandaa, na wapo ambao kujiandaa huko ni bora kwao na wapo ambao ni miezi sita ya huzuni ya mapema. Wote wako sahihi.

Kwa Kanda ya Ziwa swali la vinasaba linaloishi majumbani ni selimundu. Uchunguzi wa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018 na uliotumia matone ya damu yaliyokaushwa kwa ajili ya kipimo cha VVU, ulikuta asilimia 1.2 wana ugonjwa huo na karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba chake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo rahisi cha tone la damu huonyesha kuwapo kwa kinasaba bila kutofautisha mbebaji na mgonjwa. Hao hutofautishwa na kipimo cha maabara kubwa, kama ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Jibu halibadilishi mimba iliyopo. Linachobadilisha ni siku ya kwanza ya mtoto: mzazi anayejua atamtaka mtoto apimwe mapema, aanze penisilini ya kinga mapema, na homa ya kwanza haitaitwa malaria tu.

Kwa sera ya serikali huduma za wajawazito katika vituo vya umma hazilipiwi. Katika uhalisia vitendanishi huisha, mama huelekezwa duka la maabara mjini, na hapo huduma ya bure huwa na bei. Njia ya rufaa kutoka Nyambureti hupitia Mugumu, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa Musoma, na mwisho Bugando. Kipimo kisichofanyika kwa kukosa kitendanishi kinapaswa kuandikwa kwenye kadi kuwa hakikufanyika. Kisanduku kitupu humdanganya mkunga wa usiku wa kujifungua, naye hufikiri kilisahaulika kuandikwa, na pengine hufikiri kilikuwa kizuri.

Kuna kipimo kimoja kilichotangulia vyote hivi katika mjadala wa hiari, nacho ni kipimo cha mimba yenyewe. Kwa miaka mingi wasichana wa shule Tanzania walipimwa mimba bila kuulizwa, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Novemba 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu kurudi masomoni. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba upimaji huo wa lazima ulivunja haki zao, ikaitaka Tanzania iukomeshe. Uamuzi ulihusu shule, lakini hoja yake haiishii getini. Msichana asiyepaswa kupimwa mkojo kwa nguvu darasani anastahili, akikaa kwenye benchi la kliniki, kuambiwa kwa jina kila kitu kinachotafutwa katika damu yake.